Ghala la mawe kando ya reli: lina ulinzi gani kisheria?

Msomaji wetu wa Dodoma, mwalimu mstaafu anayeishi jirani na njia ya reli, ameniandikia kuhusu ghala la zamani la mawe na kinu cha kusaga nafaka kilichoungana nalo. Majengo hayo sasa yamezungushiwa uzio wa mabati, na mtaani inasemekana yatabomolewa ili kupisha ghorofa la maduka na ofisi. Anauliza kama ipo sheria inayolinda majengo ya namna hiyo, kwa nini tuhangaikie majengo ya enzi za wakoloni ilhali mji mkuu unahitaji nafasi, na mwananchi asiye na cheo wala fedha anaweza kufanya nini.

Mwalimu, shikamoo, na nakushukuru kwa barua yako. Kwa kifupi ni kwamba, kwa umri wake, ghala hilo halilindwi na sheria moja kwa moja, lakini linaweza kupatiwa ulinzi, na wakati wa kuuomba ni kabla michoro ya jengo jipya haijapitishwa. Baada ya hapo mwekezaji anakuwa na kibali halali mkononi, na mazungumzo yote yanageuka kuwa ya kumwomba hisani.

Sheria yetu kuu katika jambo hili ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979. Sheria hiyo inalinda moja kwa moja jengo lolote lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya mwaka huo halilindwi mpaka Waziri mwenye dhamana alitangaze, kwa amri inayochapishwa katika Gazeti la Serikali, kuwa ni kumbukumbu inayohifadhiwa. Sasa tazama historia ya mji wetu. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo kila kitu ambacho reli ilikileta katika ukanda huu wa kati, kuanzia stesheni, karakana na matangi ya maji ya injini za mvuke hadi maghala na vinu vilivyofuata, kimejengwa zaidi ya miaka arobaini baada ya tarehe iliyowekwa na sheria. Wabunge walipoitunga sheria hiyo mwaka 1964, tarehe ya 1863 ilikuwa na maana inayoeleweka, kwani ilikuwa kama miaka mia moja nyuma yao. Tatizo ni kwamba tarehe haisogei. Stesheni iliyokuwa na umri wa miaka hamsini na kitu wakati ule sasa imepita miaka mia moja na kumi, lakini mbele ya sheria bado inahesabiwa kuwa jengo la juzi.

Naamini hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika uhifadhi wa majengo ya viwanda nchini, na nimekuwa nikilisema popote ninapopewa nafasi. Sheria iliandikwa ikiwa na sura ya Kilwa, Bagamoyo na misikiti ya kale ya pwani, na ilifanya vema kuilinda urithi huo. Ila kwa Dodoma, mji ambao kama mji umezaliwa na reli, maana yake ni kwamba historia nzima ya majengo ya kazi imebaki nje ya ulinzi wa moja kwa moja. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 ilikuja kupanua mtazamo, lakini sera haina nguvu ya kumsimamisha mtu aliyekwisha kupata kibali na kukodi tingatinga.

Zipo njia nyingine mbili ambazo watu wengi hawazitumii. Ya kwanza ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na katika tathmini hiyo wananchi wanaoguswa na mradi husikilizwa. Watu hudhani mazingira ni miti, maji taka na vumbi peke yake, kwa hiyo huingia kwenye kikao cha maoni wakazungumzia barabara ya kupita magari ya mchanga, wakatoka bila kulitaja jengo linalokwenda kubomolewa. Urithi wa kihistoria ni sehemu halali ya maoni hayo, na ukitajwa kwenye kikao lazima uandikwe kwenye ripoti. Njia ya pili ni mchakato wa kubadili matumizi ya ardhi. Kiwanja kilichopimwa kwa ajili ya kiwanda au ghala hakigeuki kuwa cha biashara na ofisi kwa matakwa ya mmiliki peke yake. Kusudio hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na pingamizi lililoandikwa vizuri lina uzito kwa maofisa wa mipango miji.

Hata hivyo nisikufiche kwamba tangazo la Serikali pekee haliokoi jengo. Jumba la Maajabu la Unguja, Beit al-Ajaib, lipo ndani ya Mji Mkongwe ulioorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2000, tena lilikuwa jumba linalojulikana kuliko yote Zanzibar, na bado sehemu yake kubwa iliporomoka Desemba 25, 2020, watu wawili wakapoteza maisha. Jengo linahitaji matumizi na matengenezo, na bila hivyo hadhi yake haiwezi kuizuia dari kuanguka.

Nakuja kwenye swali lako la pili, ambalo nalipokea kwa uzito wake kwa sababu linaulizwa na watu waungwana wenye hoja. Ni kweli kwamba reli ilijengwa na Wajerumani kwa manufaa yao, na kwamba baadaye Waingereza waliiendesha kwa manufaa yao pia. Lakini swali la nani aliagiza jengo ni tofauti na swali la nani alilijenga na kufanya kazi ndani yake. Mawe yalivunjwa, yakabebwa na kupangwa na mikono ya watu wa nchi hii, wengi wao wakiwa wametafuta ujira ili walipe kodi ya kichwa waliyotozwa kwa nguvu. Mwaka 1947, wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma, mgomo ule ulipanda kufuata reli kuja bara, kutoka stesheni moja hadi nyingine, kwa sababu reli ilikuwa imewaunganisha wafanyakazi kabla hakijakuwepo chama cha siasa cha kuwaunganisha. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, chini ya chama chao kilichoongozwa na Christopher Kasanga Tumbo, waligoma kwa muda mrefu kudai haki zao. Historia hiyo haikufanyika katika ikulu wala kwenye boma la mkuu wa wilaya. Ilifanyika karakanani, kwenye majukwaa ya kupakia mizigo na katika makambi ya reli. Tukiyabomoa hayo yote na kubakiza maboma na makanisa, tutakuwa tumewahifadhia wakubwa kumbukumbu zao na kuwafuta mababu zetu waliofanya kazi.

Kwa Ugogo, yaani nchi ya Wagogo inayouzunguka mji wetu, ghala la nafaka lina uzito wake wa pekee. Hii ni nchi ya mvua chache, kiasi cha milimita 570 hivi kwa mwaka, na nyingine hazifiki hata hapo. Wazee wa Kigogo bado wanataja Mtunya, njaa iliyoua watu wengi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na mara baada yake, kufuatia majeshi kuchukua chakula, mifugo na wapagazi. Ghala kubwa kando ya reli katika nchi kama hii lilikuwa na maana ya uhai, kwa kuwa chakula cha kuokoa watu kililetwa kwa behewa. Nafahamu pia kwamba watu wa umri wako wanakumbuka miaka ya Shirika la Taifa la Usagishaji, unga wa sembe na foleni zake, na kumbukumbu hizo nazo ni historia, ziwe tamu au chungu.

Nikupe mfano wa karibu unaoonyesha jinsi majengo yaliyoanza kwa nia moja yanavyoweza kubeba historia nyingine kabisa. Kongwa, mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, ikaleta matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, ikajenga tawi la reli, karakana na nyumba. Mvua hazikutosha, udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, na ilipofika mwaka 1951 mradi ulikuwa umefutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni za walipa kodi wa Uingereza. Ungeweza kusema basi, tusafishe mabaki hayo ya aibu ya watu wengine. Lakini katika miaka ya 1960 Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwemo wa FRELIMO, SWAPO, MPLA na ANC, na leo wageni kutoka Msumbiji, Namibia na Afrika Kusini huja pale kwa heshima kubwa. Kama eneo lote lingesawazishwa mwaka 1951 kwa sababu waliolijenga walishindwa, leo tungewapokea wageni hao kwenye uwanja mtupu.

Ukipata nafasi ya kuingia ndani ya ghala lenu kwa ruhusa ya mwenye eneo, tazama mambo machache ambayo picha ya nje haionyeshi. Milango ya upande wa reli kwa kawaida imepandishwa hadi usawa wa sakafu ya behewa, ili gunia lisogezwe bila kuinuliwa. Milango ya upande wa barabara huwa chini zaidi, au ina jukwaa lenye ngazi. Paa hutokeza sana juu ya jukwaa ili nafaka isilowe wakati wa kupakua. Karibu na sakafu na juu chini ya paa utaona matundu madogo yenye wavu wa chuma, ambayo kazi yake ni kupitisha hewa na kuzuia panya. Nguzo za uzio, na mara nyingine hata vizingiti vya madirisha, huwa ni vipande vya reli kuukuu. Ukivisugua pembeni kwa brashi ya waya, ubavuni mwake unaweza kusoma jina la kiwanda na mwaka chuma kilipofuliwa. Hapo unakuwa na tarehe iliyoandikwa kwenye jengo lenyewe, ingawa ni lazima uwe mwangalifu, kwani reli hung'olewa pamoja na kutumiwa tena mahali pengine, kwa hiyo mwaka wa chuma unakuambia tu kwamba ujenzi haukutangulia mwaka huo.

Tazama pia kilichoshikilia mawe. Kiwanda cha kwanza cha saruji nchini, kile cha Wazo Hill, kilianza kuzalisha mwaka 1966, na kabla ya hapo saruji ilitoka nje na ilikuwa ghali kuifikisha bara, hivyo waashi wengi walitegemea chokaa. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua; unyevu unaoingia hutoka. Fundi akija leo akaupiga lipu nzito ya saruji kwa nia njema ya kuuimarisha, maji hufungiwa ndani pamoja na chumvi iliyomo ardhini, uso wa jiwe huanza kumenyeka, na baada ya misimu michache mhandisi anakuja kuandika kwamba ukuta umechoka na haufai. Nimeona kuta kadhaa zikihukumiwa kwa ripoti ya namna hiyo wakati ugonjwa wenyewe uliletwa na tiba. Kwa hiyo mkisikia kwamba jengo limethibitishwa kuwa hatari, ombeni kwa heshima kujua nani alilikagua, alipima nini, na kama ana uzoefu wa majengo ya chokaa. Kwa upande wa vyuma, hali ya hewa ya Dodoma ni rafiki. Kenchi za chuma zilizofungwa kwa ribiti, ambazo Tanga au Dar es Salaam zingekuwa zimeliwa na kutu la bahari, hapa mara nyingi zinahitaji kusuguliwa na kupakwa rangi tu. Adui wetu ni mchwa, na hata wajenzi wa reli walilijua hilo, ndiyo maana walitumia mataruma, yaani mihimili inayolaliwa na reli, ya chuma badala ya mbao.

Je, yote yahifadhiwe? Hapana, na naomba niseme hivyo waziwazi kwa kuwa wahifadhi wanaodai kila tofali libaki hupoteza imani ya watu. Mabanda ya miaka ya 1970 yanayofanana nchi nzima, yenye mapaa ya asibesto, hayana sababu ya kubaki yote. Mawili au matatu yakirekodiwa vizuri yanatosha. Na asibesto yenyewe isivunjwe ovyo, kwani vumbi lake huharibu mapafu, na wanaoathirika kwanza ni vibarua wanaolipwa kwa siku kuyashusha mapaa hayo bila vifaa. Ninachopigania ni majengo yanayoonyesha kazi ilivyokuwa ikifanyika, hasa pale ambapo sehemu zake bado zimeungana, kama ghala na kinu chenu. Ghala likibaki peke yake, au mbaya zaidi ukibaki ukuta wa mbele ukiwa umebandikwa kwenye ghorofa la vioo, mtoto wa miaka ijayo hataweza kuelewa nafaka iliingia wapi na unga ukatokea wapi.

Kuhusu hoja ya nafasi, Dodoma haina shida hiyo kwa kiwango kinachosemwa. Mji huu uliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, mpango wake wa kwanza ukachorwa na Wakanada mwaka 1976, Serikali ikahamia kwa kasi tangu mwaka 2016, na tukawa jiji mwaka 2018. Mji wa Serikali umejengwa Mtumba kwenye ardhi iliyokuwa wazi. Kinachotafutwa karibu na stesheni ya zamani ni thamani ya kiwanja cha katikati ya mji, jambo ambalo mfanyabiashara ana haki ya kulitafuta, lakini lisivishwe vazi la uhitaji wa taifa. Na sasa kwa kuwa treni za reli ya kisasa zimeanza kufika Dodoma tangu Julai 2024, shinikizo juu ya majengo ya reli ya zamani litaongezeka, kwa sababu kila kazi inayohama huacha nyuma yake jengo lililo tupu, na jengo tupu halina mtetezi.

Mwekezaji mwenye busara anaweza kufaidika na ghala bila kulibomoa. Lina upana usio na nguzo katikati, kimo kirefu, kuta nene zinazotunza ubaridi mchana kutwa, na sakafu iliyojengwa kubeba tani nyingi za magunia. Soko, ukumbi, karakana ya mafunzo ya ufundi, hata ofisi za ghorofa nyepesi ya chuma iliyosimama ndani bila kugusa kuta, vyote vinawezekana, na ghorofa jipya linaweza kusimama nyuma yake kwenye sehemu ya kiwanja iliyo wazi. Cape Town waligeuza ghala lao la nafaka la bandarini, lililojengwa mwaka 1924 na kufungwa mwaka 2001, kuwa makumbusho ya sanaa za Afrika yaliyofunguliwa mwaka 2017, kwa kukata ndani ya mapipa yake marefu ya zege. Kule fedha nyingi zilitumika na siwaombei Dodoma gharama hizo. Nautaja mfano huo kwa sababu ghala la nafaka ni jengo gumu kuligeuza kuliko yote, na hata hilo liliwezekana. Upande wa pili ni Liverpool, mji wa maghala na gati uliowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004 na kuondolewa mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi mpya ukingoni mwa maji. Liverpool ni mji tajiri wenye sheria kali kuliko zetu.

Sasa unachoweza kufanya, Mwalimu, wewe na majirani zako. Kwanza fahamuni mmiliki halisi, kwa sababu majengo ya ukanda wa reli yamepita mikono mingi: shirika la reli la Afrika Mashariki hadi mwaka 1977, kisha Shirika la Reli Tanzania, kisha mgawanyo kati ya mwendeshaji wa treni na kampuni hodhi iliyomiliki mali za reli, kisha muungano mpya mwaka 2017, na vinu vingi vilitaifishwa baada ya Azimio la Arusha, kisha vikauzwa wakati wa ubinafsishaji katika miaka ya 1990. Ofisi ya ardhi ya jiji inaweza kufanya upekuzi wa hati kwa ada ya kawaida. Kisha pigeni picha kila upande wa jengo mkiwa nje ya uzio, na kama mtaruhusiwa kuingia, piga picha pia za mashine, mikanda, vibao vya majina na maandishi ya chaki ukutani. Nawasihi sana kuhusu mashine. Kinu huuzwa kama chuma chakavu wiki kadhaa kabla jengo halijaguswa, kwa kilo, usiku au mchana, na baada ya hapo jengo linaonekana gofu lisilo na maana na kazi ya kulibomoa inakuwa rahisi. Kama mna uwezo wa kuomba jambo moja tu, ombeni mashine zisitoke mpaka zimeorodheshwa.

Wewe kama mwalimu una jambo ambalo mimi sina, nalo ni kwamba wanafunzi wako wa zamani ni watoto na wajukuu wa watu waliofanya kazi mle ndani. Wapo wapagazi, wapima mizani, mafundi mitambo na akina mama waliofagia na kupepeta mabaki ya nafaka, nao umri wao umekwenda. Simu ya kawaida inatosha kurekodi sauti. Waulize zamu zilianza saa ngapi, nani alishika funguo, gunia lilipita mlango upi, ajali zilitokea wapi. Maelezo hayo yakiambatanishwa na picha, maombi yenu yanakuwa na nguvu ambayo barua ya malalamiko haiwezi kuwa nayo, kwa sababu yanamwonyesha ofisa kwamba jengo lina watu.

Barua yenyewe iandikwe kwa Mkurugenzi wa Jiji, na nakala ipelekwe Idara ya Mambo ya Kale katika Wizara ya Maliasili na Utalii, pamoja na ofisi ya mtaa na diwani wenu. Iombe mambo mawili yaliyo wazi: kwamba kibali chochote cha kubomoa kisubiri ukaguzi wa mtaalamu wa majengo ya kale, na kwamba jengo lipendekezwe kwa Waziri ili litangazwe chini ya Sheria ya Mambo ya Kale. Isainiwe na wakazi wengi kadiri iwezekanavyo, ipigwe mhuri wa kupokelewa, na nakala yenye mhuri huo muitunze. Kama mwekezaji yuko tayari kuzungumza, mpelekeeni nakala pia kwa adabu na mwombeni kikao kabla hajalipia michoro, kwa sababu mtu aliyekwisha kulipa msanifu kwa ghorofa la viwanja viwili ni vigumu sana kumshawishi aache kiwanja kimoja, hata akikubaliana nanyi moyoni. Nitafurahi kuisoma rasimu yenu kabla haijapelekwa, na mkipata ruhusa ya kuingia ndani niko tayari kuja kulikagua ghala pamoja nanyi bila malipo.